Kabaila asiyetulia: Mjerumani mwenye "von" aliishi kwa kula nini?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi mitambo hapa Kigoma. Meli yetu ya Liemba mwanzoni iliitwa Graf von Götzen. Juzi nimekutana na habari za Mjerumani mwingine, Götz von Berlichingen, aliyekuwa na mkono wa chuma miaka 500 iliyopita. Je, ni ukoo mmoja? Na hawa watu wa 'von' waliishi vipi huko kwao kabla ya kuja kututawala? Shuleni tulifundishwa kwamba kabaila ni mtu anayekaa tu nyumbani akila jasho la mkulima. Ndivyo ilivyokuwa?"

Jibu:

Marahaba, fundi. Nianze na lililo jepesi. Hapana, si ukoo mmoja. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, yaani wakati Vita vya Maji Maji vilipozuka, alitoka Silesia, jimbo la mashariki mwa Ujerumani ya wakati ule, na Götzen ni jina la ukoo wake. Huyu wako wa pili, Götz ni jina lake yeye mwenyewe. Ni ufupisho wa Gottfried, kama Abdallah anavyoitwa Dula. Ukoo wake ni Berlichingen, na Berlichingen ni kijiji katika bonde la mto Jagst, kusini magharibi mwa Ujerumani ya leo. Hilo "von" nalo lisikutishe, maana yake ni "wa" au "kutoka". Götz wa Berlichingen, basi.

Vyeo vyao navyo havikulingana. Graf ni ngazi ya juu katika uungwana wa Kijerumani. Götz wa mkono wa chuma alikuwa ngazi ya chini kabisa, Ritter, yaani mpanda farasi wa vita. Juu yake walikuwepo magrafu, watawala wa majimbo, maaskofu waliotawala nchi kama wafalme, na juu kabisa Kaisari. Hata hivyo Maritter wa Swabia na Franken, sehemu alikozaliwa, walikuwa na jambo moja walilolishikilia kwa meno: hawakumtambua bwana mwingine isipokuwa Kaisari mwenyewe. Mtu mwenye kijiji kimoja na vipande vya vijiji viwili alijihesabu kuwa hana mkubwa kati yake na kiti cha enzi. Ukilielewa hilo, nusu ya vituko vyake utavielewa.

Nitakujibu kwa kumfuata huyu mmoja, kwa sababu wenzake wengi hawakutuachia kitu zaidi ya hati za mashamba, mihuri na mawe ya makaburi. Götz alizaliwa karibu mwaka 1480, akaishi zaidi ya miaka 80, na uzeeni akamsimulia mchungaji wa dini maisha yake yote, naye akayaandika. Ni masimulizi ya mzee anayejitetea, kwa hiyo yasome kama unavyomsikiliza mshtakiwa. Lakini mshtakiwa mwenye maneno mengi ni bora kuliko bubu.

Sasa hilo la jasho la mkulima. Mwalimu wako hakukosea, ila aliruka hesabu. Ni kweli wakulima walilipa kodi ya ardhi, walitoa fungu la kumi la mavuno, walifanya kazi za bure kwa bwana siku kadhaa, na mahali pengi mkulima alipofariki bwana alikuja kuchukua mnyama bora zizini. Lakini mapato hayo yalikuwa yamepangwa tangu zama za mababu, na bei za vitu katika karne ile ya kumi na sita zilikuwa zinapanda. Halafu kuna urithi. Götz alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto kumi. Ngome za watu kama hawa mara nyingi zilimilikiwa kwa hisa: ndugu huyu ana mnara, binamu yule ana upande wa jikoni, lango na kisima ni vya wote, na kuna mkataba wa nani analipa mlinzi. Ukisikia "mwenye ngome" usifikirie jumba la kifalme. Fikiria nyumba ya urithi ambayo bado haijagawanywa.

Na heshima ya Ritter ilikuwa na gharama. Farasi wa vita, deraya, wahudumu wa kumfuata nyuma, vyote vilikula fedha. Ili upate kipimo, askari wa kukodi wa miguu wa wakati ule alilipwa guldeni 4 kwa mwezi, guldeni ikiwa sarafu ya dhahabu ya Wajerumani. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Mtoto wa mwisho wa nyumba kama hiyo hapewi shamba, anapelekwa kwa mkubwa akatumike. Götz alisoma kidogo tu, kisha akakabidhiwa kwa ndugu wa ukoo wao, Konrad von Berlichingen, mtu mzito aliyeaminiwa na watawala. Mwaka 1495 akamfuata kwenye Baraza la Dola lililokutana mji wa Worms. Hapo ndipo Kaisari wa baadaye Maximilian wa Kwanza na wakuu wa nchi walipotangaza Amani ya Milele: kuanzia siku hiyo hakuna mtu ndani ya Dola Takatifu la Kiroma, yaani nchi zote zilizokuwa chini ya Kaisari huyo, anayeruhusiwa kumpiga mwenzake vita vya binafsi, mwenye madai aende Mahakama Kuu ya Dola, ambayo nayo iliundwa palepale. Basi yule kijana wa miaka 15 hivi, anayeshika hatamu za farasi wa mzee wake nje ya kikao, alikuwepo siku kazi atakayoifanya maisha yake yote ilipopigwa marufuku. Mimi sichoki kulifikiria hilo.

Baada ya Konrad kufariki, Götz alihamia kwa mtawala wa Brandenburg-Ansbach. Kule kulikuwa na kundi la vijana wa nyumba kama yake, wakisubiri mezani, wakifundishwa adabu, na wakigombana kama majogoo. Anasimulia mwenyewe kisa cha kijana wa Kipolandi aliyezibandika nywele zake kwa mayai ili zikae vizuri. Götz alipoinuka mezani, koti lake pana la mtindo wa Kifaransa likazipangua zile nywele. Mpolandi akajaribu kumchoma kwa kisu cha mezani, akamkosa, na Götz akamjibu kwa upanga mfupi kichwani. Utaona ni upuuzi wa watoto. Lakini kwa watu wale heshima ndiyo ilikuwa mali. Aliyeonekana anavumilia tusi leo, kesho angenyang'anywa ng'ombe.

Akaenda vitani kwa Maximilian, 1498 upande wa Burgundy, 1499 dhidi ya Waswisi. Mwaka 1504 ikazuka vita ya kugombea urithi wa Landshut, kule Bavaria. Ndugu zake wawili walikuwa upande wa pili. Hilo halikuwa ajabu, na wengine watasema lilikuwa busara: ukoo wenye watu kambi zote mbili haupotezi kila kitu. Mbele ya Landshut, mzinga uliofyatuliwa na watu wa Nuremberg, ambao kwa mujibu wake ni wa upande wake mwenyewe, ukampiga. Risasi iligonga kitako cha upanga wake, ukavunjika vipande viwili, na chuma kikaingia mkononi. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Alikuwa na miaka 24 hivi.

Alilala miezi mingi akiomba afe, kwa kuwa Ritter bila mkono wa kulia ni kama mvuvi bila mtumbwi. Kisha akamkumbuka askari mmoja aliyeitwa Kochle, ambaye naye alikuwa na mkono mmoja na bado alipigana sawasawa na wengine. Hapo akaacha kuomba kifo, akaomba riziki.

Wewe ni fundi, kwa hiyo nikueleze huo mkono. Ipo miwili, na yote imehifadhiwa hadi leo katika ngome ya Jagsthausen. Wa kwanza ni wa kawaida. Wa pili ndio wa maajabu: una uzito wa karibu kilo moja na nusu, na vidole vyake vina viungo. Havijikunji vyenyewe. Unavikunja kwa mkono wa kushoto au kwa kuvikandamiza mahali, navyo vinashikwa na meno ya chuma ndani, hatua kwa hatua, kama gurudumu lenye kizuizi linaloruhusu kuzunguka upande mmoja tu. Ukitaka kuachia, unabonyeza kitufe na springi inavirudisha. Kwa hiyo angeweza kushika hatamu kwa nguvu isiyochoka. Jina la fundi aliyeutengeneza halikubaki, na mimi hunikera kwamba sifa zote zimekwenda kwa aliyeuvaa.

Tukiongelea riziki, sasa tumefika penyewe. Kulikuwa na kitu kinaitwa Fehde. Wengi hutafsiri kuwa ujambazi, na wafanyabiashara walioporwa wangekubaliana nao. Lakini Fehde ilikuwa na utaratibu wake. Mwungwana mwenye madai anamwandikia mpinzani barua ya kutangaza uadui, barua inafikishwa kwake, anasubiri siku tatu kama ilivyotakiwa na sheria ya Dola ya mwaka 1356, kisha anaanza kuteka watu, mifugo na mizigo ya mpinzani mpaka huyo akubali kulipa. Baadaye watu wa kati wanakaa, mkataba unaandikwa, mateka wanakombolewa. Bila barua wewe ni mwizi na unanyongwa. Ukiwa na barua wewe ni mdai. Ndiyo maana nasema watu hawa waliishi kwa karatasi kama walivyoishi kwa upanga.

Na madai si lazima yawe yako. Kulikuwa na fundi cherehani wa Stuttgart, Hans Sindelfinger, aliyekwenda mashindano ya kulenga shabaha mji wa Köln, akashinda guldeni 100, na mji ukakataa kumlipa. Fundi cherehani hana farasi wala barua ya uadui. Götz akapelekewa madai hayo, akayabeba kama yake, akawateka wafanyabiashara wawili wa Köln. Hebu nikuulize, mtu wa namna hiyo kwetu ungemwitaje? Mimi namwita dalali wa madeni mwenye deraya. Yeye angekasirika sana kusikia neno "dalali". Angekwambia alimtetea mnyonge, na huenda aliamini hivyo. Anasema aliendesha Fehde kumi na tano kwa jina lake mwenyewe, mbali na zile alizowasaidia marafiki.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Nuremberg, mji wa matajiri. Mei 1512, kwa madai kwamba watu wa mji huo walimdhuru mtu wake, alivizia karibu na Forchheim msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wakirudi kutoka maonyesho ya biashara ya Leipzig, wakiwa chini ya ulinzi wa askofu wa Bamberg. Alikamata wafanyabiashara 55. Katika masimulizi yake kuna asubuhi moja ya uvamizi dhidi ya Nuremberg ambapo waliona mbwa mwitu watano wakiingia katikati ya kondoo wa mchungaji. Götz akafurahi, akawatakia heri: bahati njema, wenzangu wapendwa, bahati njema pande zote. Hakuna mwanahistoria aliyepata kumweleza vizuri zaidi ya alivyojieleza hapo.

Nuremberg wakaenda kulia kwa Kaisari Maximilian. Götz anadai Kaisari aliposikia kwamba anayewasumbua ni yeye pamoja na rafiki yake Hans von Selbitz, aliyekuwa na mguu mmoja, aliwaambia wale matajiri: Mungu mtakatifu, huyu ana mkono mmoja na yule mguu mmoja, wangekuwa na viwili viwili mngefanyaje? Kama Kaisari alisema hivyo, utani haukumzuia kutoa hukumu. Götz alitangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria, maana yake yeyote angeweza kumdhuru na asiulizwe. Alitolewa humo mwaka 1514 kwa fidia ya guldeni 14,000. Rudi kwenye kipimo chetu: ni mshahara wa askari mmoja kwa zaidi ya miaka 290.

Ungedhani amekoma. Mwaka uliofuata alianza na askofu mkuu wa Mainz. Katika ugomvi huo, 1516, alimteka Graf Philipp wa Waldeck na kumwachia kwa zaidi ya guldeni 8,000. Mwaka 1517 akanunua ngome ya Hornberg, juu ya mto Neckar, pamoja na kijiji chake, kwa guldeni 6,500. Mimi nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja naona picha nzima. Kitinda mimba asiye na mnara wala jiko sasa ana ngome yake peke yake, akiwa na miaka 37, na hakuipata kwa kodi za wakulima. Mwaka 1518 hukumu ya kuwa nje ya sheria ikamrudia tena.

Lakini usimsahau mkulima, kwa sababu hapa ndipo mwalimu wako ana hoja kuliko hata alivyojua. Ngome haitekwi kirahisi. Kijiji kinachomwa kwa mwenge mmoja. Mabwana wawili wakigombana, aliyeunguliwa nyumba alikuwa mkulima wa upande wa pili, ambaye hakuandikiwa barua yoyote. Katika ugomvi wa Mainz, Götz anasimulia kwamba usiku mmoja alichoma mahali patatu: Ballenberg, Oberndorf, na zizi la kondoo chini kabisa ya ngome ya Krautheim. Anajitetea kuwa hakupenda kuchoma, alitaka tu ofisa wa ngome atoke nje wapambane. Ofisa hakutoka, akabaki kupiga kelele juu ya ukuta, na Götz akamjibu kwa sauti kwamba aje amlambe nyuma. Wajerumani wanalikumbuka tusi hilo mpaka leo, hata kutaja jina la Götz tu kunatosha, mtu anaelewa ametukanwa. Mimi nakumbuka zaidi lile jina la Ballenberg. Tutalirudia.

Mwaka 1519 alikuwa ofisa wa mtawala Ulrich wa Württemberg katika mji mdogo wa Möckmühl. Umoja wa Swabia, yaani muungano wa miji na watawala uliokuwa na jeshi lake, ulimfukuza Ulrich nchini mwake na kumzingira Götz. Alikamatwa wakati akijaribu kutoka, akapelekwa Heilbronn. Alikaa huko miaka mitatu na nusu, karibu muda wote katika nyumba ya wageni, kama ilivyostahili cheo chake. Walipomtaka atie saini kiapo kinachomdhalilisha akakataa, wakamtupa mnarani. Usiku mmoja tu. Franz von Sickingen na Georg von Frundsberg, makamanda wawili wakubwa waliokuwa na wanajeshi karibu, waliwatishia wenye mji, na Götz akarudishwa chumbani kwake. Aliachiwa 1522 kwa guldeni 2,000 na kiapo cha kutolipiza kisasi.

Kukaa huko ndani huenda kulimponya. Wakati uleule Sickingen aliwaongoza Maritter wengi katika vita dhidi ya askofu mkuu wa Trier, akashindwa. Mwaka 1523 mizinga ilimvunjia kuta za ngome yake ya Landstuhl akiwa ndani, akafa kwa majeraha. Umoja wa Swabia ukaendelea mpaka Franken, ukabomoa ngome 23 za waungwana. Hornberg ikabaki imesimama. Mzinga ulikuwa umeondoa ile hoja ya zamani kwamba mwenye ukuta hana mkubwa.

Miaka miwili baadaye wakulima wenyewe waliinuka. Madai yao yaliyochapishwa 1525 yalikuwa ya haki kabisa ukiyasoma: tuchague mchungaji wetu, utumwa wa ardhi ufutwe, tukate kuni na kuvua samaki, mnyama wa marehemu asichukuliwe. Kundi la bonde la Neckar na Odenwald liliongozwa na mwenye nyumba ya kulala wageni aliyeitwa Georg Metzler. Kwao ni wapi? Ballenberg. Kijiji kilekile kilichochomwa usiku ule. Na Pasaka ya mwaka huo wakulima walikuwa wamemuua Graf wa Helfenstein pale Weinsberg kwa kumpitisha katikati ya mikuki. Sasa wakamtaka Götz awe kamanda wao, kwa kuwa walihitaji mtu anayejua vita.

Yeye anasema walimlazimisha. Nadhani ni kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu mke, watoto na ngome vilikuwa mikononi mwao. Nadhani vilevile hakuchukia kuona maaskofu wakitikiswa. Alishiriki kuyapunguza makali madai yao kwa tamko la Amorbach, akaenda nao kuzingira ngome ya askofu wa Würzburg, na baada ya wiki nne hivi akawatoroka. Siku chache baadaye, tarehe 2 Juni 1525, kundi lake la zamani lilikatwakatwa pale Königshofen. Maelfu walikufa.

Mahakama Kuu ya Dola ilimwona hana hatia mwaka 1526. Umoja wa Swabia haukuridhika. Mwaka 1528 walimwita Augsburg, wakamfunga, wakamtoa 1530 baada ya kuapa kiapo kizito. Asivuke mipaka ya Hornberg. Asilale usiku hata mmoja nje ya ngome yake. Asipande farasi tena.

Wasomaji wengi hupita haraka hapo, kwa kuwa hakuna upanga wala moto. Mimi naona ndipo jibu la swali lako lilipo. Kwa karibu miaka 10 Götz alikaa juu ya mto Neckar akitazama mizabibu kwenye mteremko, akipokea kodi, akihesabu fungu la kumi, akisuluhisha kesi za mipaka ya mashamba, akilea watoto. Alikuwa na wana saba na mabinti watatu. Yule kabaila uliyefundishwa shuleni, anayekaa nyumbani akila jasho la mkulima, Götz alikuja kuwa yeye akiwa na miaka 50, tena kwa hukumu, kama adhabu. Na wenzake waliobaki walifuata njia hiyohiyo bila kuhukumiwa. Waliweka panga ukutani, wakawa wasimamizi wa mashamba yao au maofisa wa watawala, wakawapeleka watoto vyuoni kusoma sheria. Badala ya barua ya uadui wakaandika barua ya wakili. Nao mabwana walipobaki na mkulima peke yake kama chanzo cha mapato, walimkamua kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mwaka 1540 Kaisari Karl wa Tano alimfungulia, kwa sababu alihitaji makamanda. Mzee wa miaka 62 akapanda farasi tena, 1542 akaenda Hungary dhidi ya Waturuki, 1544 Ufaransa. Kisha akarudi Hornberg kwa hiari, akakaa, na akiwa karibu na miaka 80 akasimulia habari zake.

Ukisikia kwamba alikufa akiwa mfungwa kule Heilbronn, hiyo ni tamthilia ya mwaka 1773 ya Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Mtu mwenyewe alifariki Hornberg tarehe 23 Julai 1562, akazikwa katika nyumba ya watawa ya Schöntal, kando ya Jagst, walikolala wa ukoo wake. Hornberg iliuzwa 1612 kwa ukoo wa Gemmingen, ambao wanayo hadi leo na bado wanatengeneza mvinyo katika mteremko uleule. Ule mkono wa pili ukitaka kuuona, uko Jagsthausen, ndani ya sanduku la kioo. Tazama vile vidole vyenye viungo.